KWA NINI HAKUTAKUWA MOTO WA USIKU KAMPINI



Tangu Bwana Prefe atangaze kwamba moto wa usiku umekatazwa katika kampi ya likizo kubwa, manung'uniko ni mengi bwenini. Wengine wanasema: "Kampi bila moto ni kampi gani?" Sisi wa darasa la sita sherti tujibu, maana mwaka jana zamu ya moto ilikuwa yetu, na kosa lilikuwa letu.

Usiku ule tulimaliza kuimba, tukafukia makala kwa mchanga, tukalala. Asubuhi upepo ulivuma, cheche zikaingia majanini. Mbele ya kufika na ndoo, majani yote ambayo mama mmoja jirani alikata kwa kuezeka nyumba yake yalikuwa yameungua. Hakututukana. Alikaa chini tu. Mvua ilimkuta na paa linalovuja.

Basi tujue hivi: mchanga hauzimi makala, unayafunika tu. Yanashika joto mpaka kesho yake, na mizizi mikavu inaweza kupeleka moto chini ya udongo. Na likizo yetu ni katikati ya kiangazi. Huku Katanga mwezi wa 7 na wa 8 pori lote ni kavu.

Tusiseme ni woga. Hata Marekani, wenye ndege za kuzima moto, walishindwa. Mwezi wa 8 mwaka 2013, kule California, mwindaji mmoja aliwasha moto mahali palipokatazwa. Wachunguzi walisema ndio ulioteketeza zaidi ya hektari 100,000, pamoja na sehemu ya hifadhi ya Yosemite.

Moto utakuwa mmoja tu, wa kupikia. Sheria zake:

1. Tufyeke na kufagia majani pande zote, na ndoo mbili za maji ziwe tayari mbele ya kuwasha.
2. Moto usiachwe peke yake hata kidogo.
3. Kuzima ni kumwaga maji, kukoroga, kumwaga tena, mpaka mkono usisikie joto.
4. Mbabula isiingie hemani, hata baridi ikiwa kali. Makala yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini.

Nyimbo tutaimba, mwezi utatuangazia. Na siku ya kwanza ya kampi sisi wa darasa la sita tutakwenda kumkatia mama yule majani mengine. Anayetaka kutusaidia alete panga.