Mkono wa Gea Ukilegea

Barabara ya Taifa Namba 5, itokayo Uvira, hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, ikapita Makobola, Swima na Mboko mpaka Lusenda, kisha ikaendelea kwenda Baraka. Motokaa nyingi zinazoitumia ni za zamani. Zimekwisha kufanya kazi miaka mingi katika nchi nyingine, na zilipochakaa huko ndipo zilipoletwa kwetu. Hatuzidharau. Ndizo zipelekazo ndagala na mihogo sokoni, ndizo ziwachukuazo walimu na wagonjwa. Lakini mzee hutunzwa kwa namna ya wazee, na motokaa iliyozeeka ni vivyo hivyo.

Siku moja tulipanda motokaa ya namna hiyo hapa Lusenda. Ndani mlikuwa na magunia, debe mbili za mawese, abiria saba, na mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitali ya Nundu. Tulikaa karibu na dereva, tukaona jinsi mkono wa gea ulivyokuwa ukiyumba huku na huku kama ulimi wa kengele. Wenyeji huuita levye ya vitesi. Dereva alipotaka gea ya pili, aliutafuta kwanza, akauzungusha kidogo, kisha akausukuma kwa kiganja.

Tukamwuliza, “Ndugu, mkono huu haukusumbui?”

Akacheka. “Mwalimu, mimi na gari hii tunajuana. Nimezoea.”

Hatukufika mbali. Palikuwa na kijito, na ng’ambo yake mwinuko mfupi wenye kokoto. Dereva alipunguza mwendo ili apite majini, kisha akataka gea ya kwanza apande. Kumbe mkono uliingia katika gea ya tatu. Injini ikatetemeka, ikazimika. Motokaa ikaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu wanawake walikuwa wakivuka kijito na vikapu vichwani. Dereva alikanyaga breki, kijana mmoja akaruka chini akatia jiwe nyuma ya gurudumu, tukasimama. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hapo mkono haukushika gea yoyote; ulizunguka tu kama mwiko katika chungu kitupu.

Yule mama hakusema neno. Alishuka, akamfunga mtoto mgongoni, akaendelea kwa miguu katika jua. Baadaye tulipata habari kwamba mtoto alipona. Hata hivyo, mgongo wa mama yule ukipotea njiani haujatutoka moyoni, maana siku ya pili yake tulikiona kilichomfanya atembee: kipande cha plastiki kisichozidi kizibo cha chupa.

Kitu kidogo hicho ni nini?

Watu wa ziwani wataelewa upesi. Kasia limefungwa kwa kamba kwenye ukingo wa mtumbwi: mpigakasia akivuta mpini, ubapa husukuma maji. Kamba ikilegea, mikono itachoka na mtumbwi hautakwenda. Mkono wa gea ni kama kasia hilo. Juu hushikwa na dereva. Chini, ndani ya sanduku la gea au kwa njia ya nyaya, husukuma vyuma vichaguavyo gea. Pale unapogeukia na pale unapounganika na vyuma hivyo, pamewekwa kipande cha plastiki ngumu au cha mpira, ambacho mafundi hukiita bushi. Kazi yake ni kuzuia chuma kisisuguane na chuma, na kuziba nafasi ili mkono usicheze. Kwa joto, vumbi na miaka, bushi hukauka, hupasuka, humomonyoka. Hapo mkono wa dereva husogea, lakini gea haisogei kwa kipimo kile kile.

Magari si ya namna moja. Katika magari ya kazi kama Toyota Hilux, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, kwa kawaida mkono huingia moja kwa moja katika sanduku la gea. Katika motokaa ndogo nyingi ambazo injini huvuta magurudumu ya mbele, mkono huvuta nyaya mbili: moja ya kupeleka mbele na nyuma, nyingine ya kupeleka kando. Ncha za nyaya hizo nazo zina bushi na vibanio vyake. Kibanio kimoja kikianguka barabarani, mkono wote hufa ganzi, kama ulivyokufa wa motokaa yetu.

Jinsi ya kutafuta ubovu

Fundi aliyeitengeneza motokaa ile chini ya mwembe alikuwa kijana mpole. Kwanza aliisimamisha mahali tambarare, akazima injini, akavuta breki ya mkono, akatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Akangoja bomba la moshi lipoe. Akasema, “Mwalimu, watu hufungua sanduku la gea kabla hawajatazama. Tutazame kwanza.”

Akamwambia dereva asogeze mkono polepole, naye akatazama kule nyaya zinakoishia. Tukajifunza haya. Mkono ukisogea na waya usisogee, ubovu u chini ya mkono. Waya ukisogea na kishikio kilicho juu ya sanduku kisisogee, bushi ya ncha imekwisha au kibanio kimeanguka. Kila kitu kikisogea vema lakini gea ikaruka yenyewe njiani, yafaa kutazama mipira inayoishikilia injini. Na kama hiyo ni mizima, basi ubovu u ndani ya sanduku, na hiyo ni kazi ya fundi aliyezoea.

Tena kuna kipimo chepesi kwa dereva yeyote. Kama gea zaingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, lakini zakataa injini ikiunguruma, usilaumu mkono. Tazama klachi, maana haiachii sawasawa.

Motokaa yetu ilikuwa na nyaya. Bushi ya ncha moja ilikuwa imekwisha kabisa, na mahali pa kibanio palikuwa pamefungwa uzi wa chuma uliokatika. Fundi alisafisha chuma kwa kitambaa na mafuta ya taa, akakikausha, akapaka grisi kidogo, akabana bushi mpya kwa koleo mpaka ikaingia sawasawa, akatia kibanio kipya. Kisha, kabla ya kuwasha injini, akamwomba dereva apitishe gea zote moja moja, hata ya kurudi nyuma. Kazi yote haikufika saa moja, na bushi ile iliuzwa kwa bei ya chini kuliko kuku.

Kwa magari ambayo mkono huingia katika sanduku lenyewe, alituonya hivi. Ondoa kwanza vumbi lote linalozunguka shina la mkono, ndipo ufungue. Katika Toyota nyingi za namna hiyo kifuniko hubonyezwa chini na kuzungushwa, na mkono hutoka mzima na bushi yake nchani. Mara ukiisha kutoka, ziba tundu kwa kitambaa safi, kwa maana punje ya mchanga ikiingia humo itasaga meno ya gea. Na kama bushi imevunjika, kusanya vipande vyote. Usikiache hata kimoja ndani.

Mazoea yanayoua chuma

Bushi ya duka ikikosekana, watu hufunga ukanda wa mpira wa tairi. Kwa ncha ya waya, mpira huo huweza kukufikisha nyumbani. Lakini si dawa ya miezi. Ndani ya sanduku la gea usiutie kamwe, kwa kuwa utakatika na kuanguka kwenye mafuta. Afadhali fundi mwenye mashine ya kukereza achonge bushi ya shaba au ya nailoni kwa kipimo cha ile ya zamani.

Kosa jingine ni kulazimisha. Ndani ya sanduku mna pete zinazolinganisha mwendo wa magurudumu ya meno kabla hayajashikana. Ufundi huo uliingizwa katika motokaa za Cadillac huko Marekani mwaka 1928; kabla yake dereva alibidi kulinganisha mwendo kwa mguu na kwa sikio. Dereva anayesukuma kwa nguvu mkono uliolegea huzila pete hizo, na ubovu wa bei ya kuku hugeuka ubovu wa bei ya ng’ombe.

La tatu ni kupumzisha kiganja juu ya mkono wa gea safari nzima. Uzito huo, ingawa ni mdogo, husukuma vyuma vya ndani bila kukoma, navyo hulika pole pole. Gea ikiisha kuingia, rudisha mkono kwenye usukani.

Hatukuandika haya ili kumwaibisha dereva wetu. Ni mtu mwema, na siku ile alirudisha nauli ya kila mmoja. Neno lake moja tu ndilo tunalolipinga: “Nimezoea.” Yeye aliuzoea ubovu, lakini ubovu haukumzoea yeye, uliendelea kukua kila siku aliposafiri. Wala si yeye aliyelipa kwa miguu yake. Alilipa mama aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Basi ninyi wenye motokaa, jioni ya leo, kabla ya kuifunga milango, shikeni mkono wa gea injini ikiwa imezimwa, mkautikise. Ukicheza kuliko ulivyocheza mwaka jana, msingoje mpaka kijito.