Kuwaona Kasa Visiwani Mafia: Mambo ya Kuzingatia kwa Wasafiri wa Boti

Msafiri anayevuka Ghuba ya Chole kutoka Utende kwenda Kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, anaweza kubahatika kumwona kasa akiibuka kuvuta pumzi. Kichwa huonekana kwa muda mfupi tu, kisha mnyama huzama. Kasa si samaki bali ni mtambaazi mwenye mapafu, hivyo hana budi kurejea juu ya maji, na hapo ndipo rafadha za boti ziendazo kasi humjeruhi. Nahodha anashauriwa kupunguza mwendo, kutomfukuza wala kumzunguka.

Bahari ya Tanzania ina aina tano za kasa, lakini wanaotaga katika fukwe zetu hasa ni kasa wa kijani na ng'amba. Ng'amba hutambulika kwa mdomo uliochongoka kama wa mwewe na magamba ya mgongoni yaliyopandana mithili ya vigae. Kasa wa kijani, aliye mkubwa zaidi, hupendelea maeneo yenye nyasi za baharini, ambazo ndizo chakula chake.

Maeneo hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Katika fukwe za Juani, jike hufukia mayai yapatayo 100 au zaidi, ambayo huanguliwa baada ya takriban siku 50 hadi 60. Vifaranga huifuata nuru ya upeo wa bahari. Tochi moja tu yaweza kuwapoteza njia. Aidha, wasibebwe kupelekwa majini, hata kwa nia njema.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza kuvua kasa. Lipo pia suala la uhai wa binadamu. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watu tisa, wanane kati yao wakiwa watoto, walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupikwa, na humfikia hata mtoto anyonyaye kupitia maziwa ya mama.

Anayekuta kiota asikiguse. Atoe taarifa katika ofisi ya hifadhi iliyopo Utende au kwa ofisa uvuvi aliye karibu.