Kutoka Nairobi hadi New York kwa Ndege

Nairobi na New York zimetengana kwa takriban kilomita 11,800. Umbali huo hupimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, kwa kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote. Kabla ya Oktoba 2018, abiria walilazimika kubadili ndege njiani, mara nyingi Ulaya au nchi za Ghuba. Mwezi huo Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja.

Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, safari ingechukua saa 13 hivi. Kwa kweli, kwenda huchukua kama saa 15 na kurudi kama 14. Sababu kubwa ya tofauti kati ya kwenda na kurudi ni upepo mkali wa anga za juu uvumao kutoka magharibi: ndege iendayo Marekani hukabiliana nao, irudiyo husukumwa nao.

New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane majira ya baridi, na saa saba majira ya joto. Hivyo, anayeondoka Nairobi saa sita usiku mwezi Januari hufika saa moja asubuhi ya huko, ilhali Nairobi ni saa tisa alasiri.