Nani Yuko Mbele? Kompyuta na Ngalawa za Kunduchi

Simama pwani ya Kunduchi, karibu na soko la samaki, utazame baharini. Ngalawa iko mbele, mashua nyuma yake, na kisiwa cha Mbudya kwa mbali. Hata mtoto haulizi nani kamziba nani. Kompyuta ndiyo isiyojua. Kwake picha ni safu za nukta, kila nukta ina rangi moja tu, na rangi iliyopakwa mwisho ndiyo inayoonekana. Iamuru ichore ngalawa kwanza na kisiwa baadaye, basi ngalawa imemezwa.

Dawa ya kwanza huitwa kanuni ya mchoraji, na Dar es Salaam tunaifahamu kwa macho. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora mwaka 1968, mafundi wa mtindo wake hupaka kwanza rangi ya nyuma ubao mzima, huiacha ikauke, kisha huweka mnyama juu yake. Madoa ya chui huja mwisho. Cha mbali hutangulia, cha karibu hufuata. Michezo mingi ya kompyuta yenye picha bapa hufanya vivyo hivyo. Watu wakionyeshwa sokoni, programu huwapanga kwa nyayo: mwenye nyayo zilizo chini zaidi kwenye skrini huchorwa mwisho. (Ukiwapanga kwa vichwa, mtu mrefu aliye mbele atafunikwa na mtoto aliye nyuma yake. Wanaoanza kazi hii huliangukia sana kosa hilo.)

Sasa tazama kuti la kumba lililosukwa kwa ajili ya ua. Jani la kwanza limelala juu ya la pili, la pili juu ya la tatu, la tatu juu ya la nne, na la nne limerudi juu ya la kwanza. Uanze kuchora lipi? Hakuna la kuanza nalo. Mwaka 1972 watafiti Newell, Newell na Sancha walitoa ufumbuzi wa kulikata umbo lenye utata vipande vipande, kazi inayochosha hata mashine.

Miaka 2 baadaye Edwin Catmull, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, na ambaye baadaye alishiriki kuanzisha Pixar, alieleza njia nyingine. Wolfgang Straßer wa Berlin aliifikia mwaka huohuo. Usipange, pima. Kila nukta itunze rangi pamoja na umbali wake. Ikija rangi mpya, huulizwa: wewe uko karibu kuliko aliyepo? Kama ndiyo, inakaa. Kama sivyo, inatupwa. Hii ndiyo bafa ya kina. Kwa skrini ya nukta 512 kwa 512, baiti 2 kila moja, hudai nusu megabaiti, na enzi hizo hiyo ilikuwa mali ya matajiri. Simu ya leo yenye nukta 1080 kwa 2400, kwa baiti maradufu kila nukta, hutumia megabaiti kama 10 bila kuona uzito.

Hata hivyo maji na vioo havikubali kipimo peke yake, kwa sababu havizibi kabisa vilivyo nyuma. Programu huchora kwanza mawe na mitumbwi, kisha maji kwa mpangilio, kutoka mbali kuja karibu. Mchoraji karudi kazini.

Kipimo chenyewe nacho huchoka kwa mbali, maana namba nyingi za bafa hutumika kwa vitu vya karibu. Kwa biti 24, mtazamo ukianzia sentimita 10 kutoka jichoni, basi kwenye kilomita 4 vitu vilivyoachana chini ya mita 9 hivi huchanganywa, na picha hupepesa. Anzisha mtazamo mita 1, na kosa hilo hushuka chini ya mita 1. Kwa hiyo miti ya kisiwa chako ikianza kupepesa, usikimbilie kununua kadi mpya ya michoro: kagua kwanza mtazamo unaanzia umbali gani.