Mpangaji Akiondoka na Ufunguo

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia husimamisha uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaana. Hapo ndipo vijiji vya kandokando ya ziwa, kama Kabuta katika wilaya ya Nchelenge, hupungukiwa na watu. Wavuvi na wachuuzi wa samaki waliopanga vyumba na vibanda vya duka hurejea makwao. Wengine huvuka maji hadi Kilwa au Pweto, upande wa Kongo. Milango hubaki na makufuli, na pango hukatika.

Kwa mwenye nyumba jambo hili si dogo. Mama mjane aliyejenga vyumba viwili avipangishe hutegemea pango kwa unga na sare za watoto. Mwezi wa pili ukipita bila habari, jirani humnong'oneza avunje kufuli, auze vitu na kujilipa. Lakini ndani ya chumba kile huenda zimo nyavu, nazo kwa mvuvi ni kama jembe kwa mkulima. Akirudi Machi akute zimeuzwa, msimu wake umekwisha kabla ya kuanza.

Yafaa kwanza kutofautisha aliyesafiri na aliyehama. Aliyeacha nyavu, godoro na sufuria kwa kawaida anakusudia kurudi. Aliyehamisha vyombo usiku huku akidaiwa miezi mitatu, huyo amekwisha aga kwa vitendo. Kufuli peke yake si ushahidi.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Pango ya Zambia ya mwaka 1972, inayohusu nyumba za kuishi, haimruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya deni bila idhini ya mahakama. Kumtoa mpangaji pia kwahitaji amri ya mahakama. Majengo ya biashara yana sheria yake ya mwaka 1971, ambayo kwa kawaida hudai notisi isiyopungua miezi 6 wala kuzidi 12. Hivyo anayevunja kufuli kwa hasira aweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, ingawa deni lake ni la haki.

Dawa yake hutengenezwa kabla ya Desemba. Mpangaji na mwenye nyumba waandikiane karatasi, kila mmoja abaki na nakala: pango la miezi ya kufungwa kwa ziwa ni kiasi gani, litalipwa lini, na ni ndugu gani aitwe mpangaji akikawia. Kila malipo yapewe stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ikiwa mpangaji amekwisha toweka, mwenye nyumba amtafute kwanza kupitia ndugu na wavuvi wenzake, kisha alipeleke shauri mahakamani. Mahakama ikiruhusu mlango ufunguliwe, wawepo mashahidi wawili, na kila kitu kiandikwe, hata ndoana, kisha kihifadhiwe pakavu.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Kwenda bila kuaga na kumwachia mwenzako chumba asichoweza kukitumia wala kukipangisha ni dhuluma. Salamu moja yenye tarehe ya kurudi, na sehemu ya deni pamoja nayo, huweza kuziokoa nyavu na ujirani pia.