Data kwa Mawimbi Mafupi

Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania. Je, mtu wa Wete mwenye nduguye Maskati hana njia nyingine? Anayo: redio ya mawimbi mafupi, ambayo mabaharia wanaijua siku nyingi. Wimbi hupanda hadi tabaka la hewa lenye chembe za umeme, kiasi cha kilomita 300 juu, likarudishwa chini mbali sana. Pemba hadi Maskati, zaidi ya kilomita 3,500, mruko mmoja waweza kutosha.

Taabu ni kasi. Njia yenyewe ni nyembamba, kilohezi 3 hivi, na tabaka lile halitulii. Masafa yanayofaa mchana, usiku hayafai. Tena ishara moja hufika kwa njia kadhaa, mwangwi juu ya mwangwi, mithili ya adhana za misikiti mitano zinazopishana kidogo. Modemu ya PACTOR-4 huuchambua mwangwi huo, na hali ikiwa njema kabisa hupitisha biti zipatazo 10,500 kwa sekunde, maandishi yakibanwa. Barua ya ukurasa mmoja hupita kwa sekunde chache. Picha ya megabaiti 2 huchukua muda mrefu, na video ndiyo usahau. Lakini taarifa ya jahazi lililopotea, au dawa zinazotakiwa Chake Chake, ni mistari michache tu.