Upepo wa Baridi Unaotangulia Mvua ya Bukavu

Saa nane mchana, mwezi wa Machi, jua limewaka juu ya mabati ya Kadutu na hewa imetulia tuli. Mara upepo unageuka. Vumbi linatimka sokoni, mabati yanagongana, mama anaita watoto waanue nguo, na ngozi inasikia baridi ya ghafla. Hata tone moja halijaanguka. Dakika chache tu, mvua inamwagika.

Kila mtoto wa Bukavu anaujua upepo huo kabla hajajua kusoma. Jambo zuri ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba upepo huo umetoka ndani ya mvua yenyewe.

Sikiliza namna unavyozaliwa. Mbali kidogo, labda juu ya vilima vya Kabare, wingu kubwa limekwisha kuanza kunyesha. Matone yanapoanguka, baadhi yanageuka mvuke njiani, na kugeuka huko kunakula joto la hewa. Hewa iliyopoa ni nzito kuliko ile ya joto, basi inashuka kwa nguvu. Ikigonga ardhi haina njia ila pembeni, nayo inatambaa chini kila upande, ikiitangulia mvua. Ukingo wake wa mbele, pale baridi inapokutana na joto, tuuite mpaka wa hewa.

Hewa hizi mbili hazichanganyiki upesi. Unaweza kuona kitu cha namna hiyo nyumbani. Chukua chai isiyo na maziwa wala sukari, iliyolala nje usiku kucha ikapoa. Weka maji ya vuguvugu kwenye glasi, kisha mimina chai polepole sana ukiipitisha ubavuni mwa glasi. Chai baridi itazama na kutandaa chini, maji ya vuguvugu yatainuliwa juu yake.

Hewa nayo hufanya hivyo. Baridi inajipenyeza chini, joto linasukumwa juu. Hewa ambayo bado haijafanya wingu hupoteza karibu nyuzi 1 ya joto kwa kila mita 100 inazopanda. Ikipoa vya kutosha, mvuke wake unakuwa vitone vidogo mno, na hilo ndilo wingu. Ndiyo maana mvua inaweza kunyesha Bagira ikaisha, na upepo wake ukaenda kuzalisha mvua nyingine juu ya Panzi.

Waliofumbua habari za mipaka ya hewa walikuwa mbali sana na sisi, katika mji wa Bergen, Norway. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nchi yao haikupata tena habari za hali ya hewa kutoka kwa majirani, ikabidi waongeze vituo vyao wenyewe vya kupimia. Vipimo hivyo vingi vilimwezesha kijana Jacob Bjerknes, mwana wa Vilhelm Bjerknes, kuandika mwaka 1919 jinsi hewa baridi na hewa ya joto zinavyopambana na kuleta dhoruba. Mipaka ya kwao ina urefu wa mamia ya kilomita, hata zaidi, kwa sababu hewa ya ncha ya dunia huko inashuka hadi kukutana na hewa ya kusini. Bukavu iko karibu sana na ikweta; baridi ya namna hiyo haifiki.

Sisi mipaka yetu inaletwa na ziwa na milima. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na mlima Kahuzi unafika mita 3,308. Mchana ardhi inapata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani, iliyo baridi kidogo, inaingia mjini kupitia rasi za Ibanda, kisha inaelekea vilimani. Milima inaiinua zaidi. Hapo ndipo mawingu ya alasiri yanapojengeka.

Usiku kila kitu kinageuka. Milima inapoa, hewa yake inateremka mabondeni hadi ziwani, ambako maji yamebaki na joto la nyuzi 23 au 24 hivi. Sasa mpaka wa hewa uko juu ya maji, saa ileile wavuvi wa sambaza wamewasha taa zao. Kwenye Ziwa Viktoria, lililo kubwa kuliko Kivu zaidi ya mara 20, utaratibu huu unaleta dhoruba kali za usiku zinazoua wavuvi. Na mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kabisa duniani: vipimo vya setilaiti vilivyotangazwa mwaka 2016 vilikuta sehemu moja yenye mimweko zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba, ya pili baada ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela.

Kwa hiyo upepo ukigeuka baridi ukiwa unaoga ziwani, toka majini mara moja, usijifiche chini ya mti, ingia ndani ya nyumba. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Kwa kawaida hesabu ikizidi kupungua, dhoruba inakuja kwako.

Toka Juni hadi Agosti utausikia upepo wa ziwani vilevile mchana, lakini mvua ni chache mno. Majira hayo hewa inayotujia kutoka kusini-mashariki ni kavu: inainuliwa na milima, inapoa, ila mvuke wake hautoshi kufanya wingu la mvua.